Sala ya Chakula na Sumu Isiyoonekana

Katika nyumba zetu nyingi, sala ya kwanza anayofundishwa mtoto ni ya chakula. Anafumba macho, anamshukuru Mungu kwa ugali au wali ulio mbele yake, anawaombea wasio nacho, kisha anasema Amina. Ni sala fupi, lakini imebeba imani kubwa. Inakiri kwamba kilichomo sahanini kimetoka mkononi mwa Baba, na kwamba kitampa mtoto huyu uhai.

Itakuwaje basi ikiwa nafaka ileile tuliyoishukuru imebeba ndani yake kitu cha kumdhuru mtoto, kitu ambacho jicho halikioni, ulimi hauonji, wala moto wa jikoni haukiondoi? Nani anawajibika mbele za Mungu: aliyekitia, aliyeuza, aliyepika, au sisi sote tuliokaa kimya? Na je, shukrani yetu inatosha? Wataalamu wa maabara wana sehemu yao katika jambo hili, lakini swali lenyewe ni la imani, kwa sababu ni swali kuhusu jirani.

Kinachoingia kwenye punje

Zipo metali ambazo wataalamu huziita metali nzito: risasi, zebaki na kadimiamu. Aseniki nayo huhesabiwa pamoja nazo. Mungu aliziweka ardhini tangu mwanzo, na zikitulia ndani ya miamba hazina ugomvi na mtu. Shida huanza zinapotolewa huko na kutawanywa kwa uchimbaji wa madini, kwa moshi na maji machafu ya viwanda, kwa betri kuukuu zinazoyeyushwa uani, na kwa baadhi ya mbolea za fosfeti zenye kadimiamu ndani yake. Kwa miaka mingi petroli yenye risasi nayo ilifanya kazi hiyo, mpaka nchi zetu zilipoachana nayo kufikia mwaka 2006. Mahali pengine chanzo ni maumbile yenyewe. Aseniki hukaa udongoni na katika maji ya visima, na mpunga huinyonya kuliko mahindi au ngano, kwa kuwa tope lisilopata hewa huiachia aseniki iliyokuwa imeshikwa na udongo.

Mmea hauna dhamiri ya kuchagua. Mzizi unaotafuta madini unayoyahitaji huweza kupokea na kadimiamu pamoja nayo. Punje inajaa, suke linapendeza, mkulima anamsifu Mungu. Mahindi yaliyoota ukungu mara nyingi hujitangaza kwa rangi na harufu, ingawa sumukuvu nayo yaweza kujificha. Metali haijitangazi kabisa. Kuanika hakuiondoi, na kuchemsha hakuiui, kwa kuwa haina uhai wa kuuawa.

Ikishaingia mwilini haina haraka. Kadimiamu hujikusanya kwenye figo na kukaa humo miaka kumi mpaka thelathini. Risasi huuharibu ubongo wa mtoto ungali unakua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Zebaki ya namna fulani hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto ambaye bado hajaiona dunia. Ndiyo maana Tume ya Codex, inayoweka viwango vya chakula vya kimataifa, inataka risasi katika nafaka isizidi miligramu 0.2 kwa kilo, yaani sehemu moja katika milioni tano, na kadimiamu katika mchele uliokobolewa isizidi miligramu 0.4 kwa kilo. Vipimo ni vidogo hivyo kwa sababu nafaka si chakula cha sikukuu. Tunaila kila siku, na kidogo cha kila siku hatimaye huwa kingi.

Hatuyasemi haya ili mtu auogope ugali wake. Hatudai kwamba kila gunia lina sumu, maana udongo hutofautiana na maji hutofautiana. Tunayasema kwa sababu yamekwisha kutokea duniani, na yalivyotokea yanatufundisha jambo kuhusu dhambi na wajibu ambalo hatupaswi kulipita.

Onyo lisiloeleweka

Mwaka 1971, baada ya ukame na mavuno mabaya, serikali ya Iraki iliagiza kutoka nje mbegu za ngano na shayiri, karibu tani 95,000, nyingi ya ngano hiyo ikitoka Meksiko. Mbegu zilikuwa zimepakwa dawa ya kuua ukungu yenye zebaki, ili zisioze ardhini kabla ya kuota. Kwa kupandwa zilifaa. Lakini katika sehemu nyingi zilifika wakati wakulima wamekwisha kupanda, nao wakabaki na magunia ya nafaka nzuri ndani ya nyumba zenye njaa.

Maonyo yalikuwepo. Yaliandikwa kwenye magunia kwa Kiingereza na Kihispania, lugha ambazo mkulima wa kijijini huko hakuzijua. Mbegu zenyewe zilitiwa rangi nyekundu kuwa alama ya hatari. Wengine waliziosha, na rangi ilipotoka wakadhani sumu imetoka nayo. Wengine waliwapa kuku kwanza, wakangoja siku kadhaa, wakaona kuku wazima. Hawakujua kwamba zebaki hii huchukua majuma kabla ya kuonyesha kazi yake. Basi wakasaga, wakaoka mkate, wakala na watoto wao. Ganzi ikaanza kwenye vidole na midomoni, kisha miguu ikayumba, macho yakafifia, masikio yakaziba. Kwa hesabu ya serikali, watu 6,530 walilazwa hospitalini na 459 wakafia humo. Watoto waliokuwa tumboni wakazaliwa na ubongo ulioharibika. Na hii haikuwa mara ya kwanza, kwani mbegu za namna hiyo zilikuwa zimewadhuru watu wa Iraki mwaka 1956, na tena mwaka 1960.

Tukitafuta mwovu katika habari hii hatumpati kwa urahisi. Aliyepaka dawa alitaka mbegu ziote. Aliyetia rangi alitaka watu waonywe. Aliyeandika kwenye gunia aliandika ukweli. Aliyegawa alitaka kuokoa watu na njaa. Kila mmoja angeweza kusimama na kusema, mimi nimetimiza wajibu wangu, na bado kaburi likajaa. Hapo ndipo swali letu linapokuwa zito: je, mtu amemwonya jirani yake akishasema ukweli, au mpaka jirani auelewe?

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho juu ya kunena kwa lugha, anatoa mfano wa tarumbeta inayotoa sauti isiyotambulikana. Anauliza kama yupo askari atakayejiandaa kwa vita kwa kusikia mlio kama huo. Na nabii Ezekieli, katika sura ya 33, anamweka mlinzi juu ya ukuta na kumwambia kwamba asipopiga baragumu, damu ya watu itatakwa mkononi mwake. Tukiyasoma maneno haya pamoja tunaona kwamba baragumu isiyosikika ni sawa na baragumu isiyopigwa. Onyo ambalo mlengwa halielewi humlinda aliyelitoa tu, kwa kuwa litamfaa mahakamani. Upendo hauridhiki hapo. Upendo humfuata mtu mpaka penye lugha yake.

Wala tusiwacheke walioosha zile mbegu. Walifanya ambacho mzazi mwangalifu angefanya kwa maarifa aliyokuwa nayo. Mithali 27 inatukumbusha kwamba kwa mwenye njaa hata kichungu huwa kitamu. Hata kwetu, kwenye maduka ya pembejeo, mbegu za kisasa hupakwa dawa na kutiwa rangi ya waridi, kijani au buluu. Dawa za leo ni nyingine, lakini onyo ni lilelile: si chakula. Na bado kuna miezi ambayo ghala ni tupu, na kopo la mbegu iliyobaki limekaa darini. Nani kati yetu amewahi kuligeuza kopo lile na kuwasomea jirani zake, kwa lugha ya nyumbani, kilichoandikwa upande wa nyuma?

Nani alitenda dhambi?

Habari ya pili ni ya Japani, katika mkoa wa Toyama, bonde la mto Jinzu. Juu mtoni palikuwa na mgodi wa Kamioka uliotoa zinki na risasi. Kadimiamu iliteremka na maji mpaka kwenye majaruba ya mpunga, na kwa miaka mingi familia zikala mchele huo. Walioumia zaidi walikuwa wanawake wa makamo na wazee, wengi wao wakiwa wamezaa watoto kadhaa. Figo ziliharibika, mifupa ikalainika, hata kukohoa kukaweza kumvunja mtu mbavu. Ugonjwa ukaitwa kwa kilio chao, itai-itai, maana yake, inauma, inauma.

Daktari wa hapohapo, Noboru Hagino, alisema chanzo ni mgodi, akapingwa kwa miaka. Serikali ilikubali rasmi mwaka 1968. Wagonjwa na jamaa zao walishinda kesi mwaka 1971, na rufaa ya kampuni ikashindwa mwaka 1972. Baadaye udongo wa mashamba yaliyoharibika ukaanza kubadilishwa, na kazi hiyo ilikamilika mwaka 2012.

Tuitazame habari hii kwa macho ya nyumbani. Ugonjwa usiojulikana chanzo, kwetu hutafutiwa mchawi. Bibi akipinda mgongo, au mtoto akichelewa kusema, maneno huanza kunong'onwa. Atatajwa jirani, au mke mwenza, au mama mwenyewe, kwamba kuna alichofanya. Wanafunzi wa Yesu nao walimwuliza, katika Yohana 9, kama aliyetenda dhambi ni yule kipofu au ni wazazi wake. Yesu alilikataa swali lao, akageukia kazi ya kumponya. Tunajifunza kwamba kumbebesha mgonjwa lawama ni dhambi ya pili juu ya msiba wa kwanza, na zaidi ya hapo humficha mhusika wa kweli. Wakati kijiji kinamtazama bibi kizee kwa jicho la shaka, hakuna anayetazama maji.

Aliyewasha moto

Sasa tuje kwetu. Kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Geita mpaka Migori, maelfu ya wachimbaji wadogo husaga mawe, huchanganya unga wake na zebaki ili ishike dhahabu, kisha huichoma zebaki ipae na dhahabu ibaki. Iliyopaa lazima iangukie mahali. Iliyobaki kwenye marudio yaweza kusombwa na mvua kwenda bondeni, na bondeni ndiko watu wanakochota maji, wanakovua na kulima mpunga.

Ni rahisi kumnyoshea kidole mchimbaji. Lakini mchimbaji huyo ni ndugu yetu. Anasomesha watoto, anatunza wazazi, na sadaka yake imo katika kikapu chetu cha Jumapili. Wa kwanza kuuvuta mvuke ule ni yeye mwenyewe. Dhahabu yake husafiri mbali, na nyingine hurudi kanisani ikiwa pete wanayovishana maharusi. Tukisema kosa ni lake peke yake, tutakuwa tumejiosha mikono haraka mno.

Hata hivyo Maandiko hayaturuhusu kusema kwamba, kwa kuwa hakukusudia, basi hakuna deni. Katika Kutoka 22 kuna sheria ya mtu aliyewasha moto, ukashika miiba, ukafika hata ukateketeza miganda ya nafaka au nafaka iliyosimama katika shamba la mwingine. Sheria haiulizi alikusudia nini. Inamtaka aliyewasha alipe. Hakuna anayeitwa mwuaji hapo, wala hakuna anayeambiwa asahau. Mambo ya Walawi 5 nayo inazungumzia aliyekosa bila kujua, na bado inamtaka atengeneze. Imani yetu, basi, inatenganisha mambo mawili ambayo sisi hupenda kuyachanganya: hatia ya moyo na wajibu wa kurekebisha. Mtu anaweza kuwa hana la kwanza na bado akadaiwa la pili. Kubadilisha udongo wa Toyama kulichukua zaidi ya miaka 30, na hata waliokuwa watoto wakati wa kesi walizeeka wakiona kazi inaendelea. Toba yenye matunda yaweza kuwa ndefu hivyo.

Deni hili huwa kubwa kadiri mtu alivyo na nguvu. Ezekieli 34 inawakemea kondoo wanono wanaokunywa maji safi, kisha wanayavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, na wadhaifu wanalazimika kunywa yaliyovurugwa. Mwenye kampuni, mwenye leseni, mwenye ofisi ya ukaguzi, hawawezi kujificha nyuma ya mchimbaji mwenye karai.

Si tumeshabariki?

Wako wapendwa watakaosema: haya yote ya nini? Timotheo wa kwanza, sura ya 4, haifundishi kwamba chakula hutakaswa kwa neno la Mungu na kwa kuomba? Na mwisho wa Injili ya Marko hauahidi kwamba waaminio hawatadhurika wakinywa kitu cha kufisha?

Tunaamini kwamba Mungu huponya na hulinda. Lakini Paulo pale anawajibu waliokataza vyakula kana kwamba Mungu aliviumba vibaya. Hazungumzii kile ambacho binadamu amekiongeza. Na Yesu, alipoambiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika wangemdaka, alikataa kumjaribu Mungu. Anayejua kwamba gunia lina hatari, akaliombea na kulipika, yuko karibu zaidi na kinara kile kuliko na imani.

Tusome tena 2 Wafalme 4. Wakati wa njaa huko Gilgali, mmoja alikwenda porini, akaokota matango asiyoyajua, akayakata chunguni kwa nia njema. Waliokula walipaza sauti kwamba mna mauti mle chunguni. Tuangalie alichofanya Elisha. Hakuwakemea kwa kukosa imani, wala hakuwaambia waombe na kuendelea kula. Alisikiliza, akaagiza unga uletwe, akautia chunguni, na baada ya hapo ndipo watu wakala. Muujiza ulikuja baada ya ukweli kusemwa. Kama wale manabii wangenyamaza kwa heshima, au kwa kuogopa kuonekana hawana shukrani, pangebaki nini cha kusimulia?

Wengine watasema kwa uchungu zaidi: maskini hana uchaguzi, kumwambia mchele wake una shaka ni kumwongezea mzigo. Hoja hii tunaiheshimu. Ni kweli kwamba mwenye debe moja la mahindi hawezi kulimwaga kwa sababu ya mashaka. Lakini maarifa hayapaswi kumlemea yeye. Yanapaswa kutulemea sisi wenye nafasi ya kuuliza. Hapa tuukumbuke msaada wa chakula na sadaka zetu za mavuno. Malaki aliwakemea waliomletea Bwana mnyama kipofu na kilema, wakimpa Mungu ambacho wasingethubutu kumpelekea liwali. Amosi aliwakemea waliowauzia maskini takataka za ngano. Kipimo, basi, ni kimoja: nafaka ambayo nisingempa mwanangu, simpi mwenye njaa kwa jina la huruma. Huruma isiyouliza ilikwisha kuonekana Iraki.

Yaliyo mikononi mwetu

Kanisa si maabara, lakini lina mashamba, shule zinazolisha watoto, vikundi vya akina mama vyenye ghala, na kipaza sauti kinachosikika kila juma. Tunaweza kuhakikisha mbegu zilizopakwa dawa hazikai chumba kimoja na chakula, wala hazifiki kwenye mashine ya kusaga, na kwamba magunia na makopo yake hayatumiki tena nyumbani. Tunaweza kumwalika bwana shamba baada ya ibada, aseme kwa lugha ya watu. Shule zetu zinunuapo mahindi au mchele, tunaweza kuuliza yamelimwa wapi, na penye shaka kuomba vipimo. Tukiwa na shamba chini ya mgodi au kiwanda, tupime udongo kabla ya kulima, na majibu tuyatangaze hata kama yanatuumiza mfuko. Wachimbaji walio katika jumuiya zetu tuwasaidie kupata chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke wa zebaki, na mafunzo ya kuacha zebaki kabisa. Jikoni, mchele uoshwe vizuri, na penye tatizo la aseniki upikwe kwa maji mengi yaliyo safi kisha yamwagwe, maana njia hiyo huipunguza. Watoto wasilishwe nafaka ya aina moja mwaka mzima, ikiwezekana.

Mambo haya ni madogo, na mengine hayataonekana matunda yake katika maisha yetu. Mtoto ambaye figo zake hazikuharibika hatakuja kutushukuru, kwa kuwa hatajua alichoepushwa.

Katika sura ya 31 ya kitabu chake, Ayubu anajitetea mbele za Mungu, na neno la mwisho analotaja si sala zake wala sadaka zake. Anataja shamba. Anasema, kama ardhi yake inamlilia, kama matuta yake yanatoa machozi, kama amekula mazao bila kulipa na kuwatesa wenyewe, basi miiba na imee mahali pa ngano. Ayubu alijua kwamba udongo unaweza kuitwa kutoa ushahidi. Sisi nasi tutaendelea kufumba macho mbele ya chakula na kumshukuru Mungu, maana ni haki yake. Tukishasema Amina, tuyafumbue, tutazame chakula hiki kimetoka wapi, na nani amekaa chini yetu mtoni.